Wameazima kano ya Tommy John, mpira wake wameuacha

Kwenye vitabu vya hesabu vya besiboli ya Marekani kuna namba mbili zinazofaa kusomwa pamoja: 124 na 164. Ya kwanza ni idadi ya michezo ambayo mrushaji Tommy John alishinda kabla daktari hajamfungua kiwiko mwaka 1974. Ya pili ni idadi aliyoshinda baada ya hapo. Alikuwa na miaka 31 siku aliyolazwa mezani, umri ambao mrushaji wa zama zile aliyeharibika mkono alikuwa anarudi kwao kutafuta kazi nyingine. Yeye aliendelea kurusha hadi 1989, akiwa na miaka 46.

Upasuaji ule, wa kupandikiza kano kwenye kiwiko kilichoharibika, leo unaitwa kwa jina lake kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kisu. Aliyeshika kisu ni Dk. Frank Jobe, daktari wa timu ya Los Angeles Dodgers. Kwa kuwa ni jina la mgonjwa lililobaki midomoni, watu wamezoea kuamini kwamba kilichompa John misimu mingine 14 ni kisu. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni aina ya mpira aliokuwa akiurusha na namna alivyoutumia mwili wake kuurusha, na nusu hiyo ndiyo besiboli ya leo imeiweka kando. Warushaji wamechukua kano, urushaji wakauacha.

Tuanze na mpira wenyewe, maana bila kuuelewa habari nzima ya kiwiko inaning'inia hewani.

Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo chenye kimo cha sentimita 25, mita 18.44 kutoka kwenye kibao cha nyumbani, anaposimama mpigaji. Upana wa kibao ni sentimita 43. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149, na ngozi yake imeungwa kwa uzi mwekundu wenye mishono 108 ya jozi. Mishono hiyo ndiyo usukani. Mpira wa kasi wa kawaida hushikwa vidole vikiwa vimeikata mishono. Ukiachiwa, unajizungusha kinyumenyume, na mzunguko huo unausaidia kushindana na mvuto wa ardhi, hata mpigaji anauona kama unaoelea. Mpira wa kuzama, ule wa Tommy John, hushikwa vingine. Kidole cha shahada na cha kati vinalala sambamba na mishono pale inapokaribiana zaidi, gumba linakaa chini, na wakati wa kuachia ni kidole cha shahada kinachobonyeza kuliko mwenzake. Mhimili wa mzunguko unalala ubavu. Mpira unakosa ule msaada wa kuelea, na unapokaribia kibao unashuka, huku ukikimbilia upande wa mkono uliourusha.

Mpigaji hana hata nusu sekunde. Ameshaamua, gongo limeshaondoka begani. Linapita pale mpira ulipotakiwa kuwa, linaambulia nusu yake ya juu, na mpira unabingirika ardhini kuelekea kwa walinzi wa ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo mpigaji ameinama akapata vumbi. Kama kulikuwa na mwenzake kwenye kituo cha kwanza, mara nyingi wanatolewa wote wawili kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo John hakuwa mtu wa kumwacha mpigaji akipiga hewa. Katika awamu 4,710 za maisha yake aliwatoa kwa straiki tatu (marusho matatu halali yaliyowashinda) wapigaji 2,245 tu, wastani wa wanne na kidogo kwa kila awamu 9, ambazo ndizo mchezo mzima. Mrushaji wa kawaida wa leo anatoa karibu mara mbili ya hao. Alichokuwa akifanya John ni kumwachia mpigaji augonge, ila augonge vibaya. Mipira iliyopigwa ikavuka ukuta kwa kazi yake yote ni 302, wastani ambao warushaji wengi wenye kasi kubwa kuliko yeye wangeutamani.

Mpira huu una masharti yake. Mkono ukiuzunguka mpira badala ya kubaki juu yake, hauzami, unateleza tu katikati ya kibao ukisubiri kupigwa. Na kuna jambo ambalo asiyeufahamu hulishangaa: mrushaji wa mpira wa kuzama akipumzika kupita kiasi huharibikiwa. Mkono ukiwa na nguvu nyingi mno anausukuma mpira kwa haraka, unanyooka. Akiwa na uchovu kidogo ndipo unapozama vizuri. Tena anahitaji walinzi wazuri wa ndani, kwa sababu kazi anawamwagia wao. John alibahatika: Dodgers walikuwa na Steve Garvey, Davey Lopes, Bill Russell na Ron Cey, safu ya walinzi wa ndani iliyokaa pamoja kuanzia 1973 hadi 1981.

Sasa kiwiko. Upande wake wa ndani, ule unaogusana na mbavu ukisimama wima, kuna ligamenti inayofunga mfupa wa mkono wa juu na mfupa mmoja wa kigasha. Ni ukanda mfupi, hauzidi urefu wa kidole cha mwisho. Katika shughuli za kawaida hauna kazi kubwa. Mtu anaweza kulima, kubeba ndoo na kutwanga kisamvu ukiwa umechanika asijue. Kazi yake inaonekana pale mrushaji anapolaza mkono nyuma kabisa, kiganja kikitazama juu, kisha bega linauchapua mbele. Kwa mrushaji wa kulipwa bega huzunguka kwa nyuzi zipatazo 7,000 kwa sekunde; kasi hiyo ingedumu sekunde nzima, mkono ungezunguka karibu mara 20. Katika nukta hiyo kiwiko kinataka kufunguka kwa ndani kama bawaba iliyolegea. Vipimo vya maabara vimeonyesha mkazo wa takribani nyutoni-mita 64. Ukikadiria kwa mkono, ni kama kutundika mzigo wa kilo 18 hivi kwenye kiganja wakati kigasha kimelazwa nyuma.

Ligamenti zilizotolewa kwa maiti na kuvutwa maabara zimekatika kwenye takribani nusu ya mkazo huo. Maana yake, ingekuwa imeachwa peke yake, ingechanika kwa rusho moja. Kinachoiokoa ni misuli ya kigasha inayoanzia upande uleule wa ndani: inajikaza kwa wakati na kubeba sehemu ya mzigo. Hapo ndipo balaa linapoingia. Misuli huchoka, ligamenti haina cha kuchoka. Msuli uliochoka unachelewa kujikaza, hata kama ni kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mzigo unaiangukia ligamenti. Inapata michubuko isiyoonekana. Ikipewa siku za kutosha inajitengeneza. Isipopewa, michubuko inaongezeka juu ya michubuko, mpaka rusho moja la kawaida kabisa linamalizia kazi iliyoanza miezi mingi nyuma. Ndiyo maana swali la “alifanya nini siku ile?” halina maana sana kwa majeraha haya.

Ushahidi wa nguvu ya misuli hiyo ulipatikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1996 timu ya Texas Rangers ilitaka kumsajili R.A. Dickey kwa dola 810,000. Vipimo vikaonyesha kwamba kijana yule hana kabisa ligamenti hiyo kwenye mkono wa kurushia. Fedha zikashushwa hadi dola 75,000. Alikuwa amerusha miaka yote chuoni kwa misuli peke yake. Baadaye akajifunza mpira wa kuelea usiozunguka, wa taratibu, na mwaka 2012 akatwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi.

Tommy John, wa mkono wa kushoto, alikuwa ameshinda michezo 13 na kupoteza 3 tu msimu wa 1974 ilipofika 17 Julai, Dodgers wakicheza na Montreal Expos mjini Los Angeles. Alirusha mpira mmoja, mkono ukakosa nguvu. Akarusha mwingine, ukaenda ovyo. Akashuka kwenye kichuguu mwenyewe. Wiki za mapumziko hazikusaidia kitu, na tarehe 25 Septemba Jobe akamfungua kiwiko.

Wazo la Jobe halikutoka kwenye michezo. Lilitoka kwa wagonjwa wa polio, ambao madaktari walikuwa wakiwahamishia kano kutoka sehemu moja ya mwili kwenda kwenye kiungo kilichopooza. Kano aliyoitumia unaweza kuiona sasa hivi. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo kuelekea kwako. Katikati ya kifundo, chini ya ngozi, kamba nyembamba itasimama. Ndiyo hiyo. Kuna watu hawana, na hao hawapungukiwi kitu, jambo linaloonyesha kwamba mwili unaweza kuishi bila kamba hiyo. Asiyekuwa nayo huchukuliwa kano ya pajani.

Jobe aliitoa kwenye mkono wa kulia wa John akaipeleka kiwiko cha kushoto. Alipasua upande wa ndani, akaondoa misuli njiani, akausogeza mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko (huo unaokurusha kama umeme ukijigonga mezani), akatoboa matundu kwa kekee kwenye mifupa yote miwili, akapitisha kano ndani yake kwa umbo la namba 8 na kuishona. Kano ni kamba ya kufunga msuli kwenye mfupa, haikuumbwa kufunga mfupa kwa mfupa. Ila ikishawekwa pale, mwili unaiotesha mishipa ya damu na taratibu unaigeuza kuwa ligamenti. Kazi hiyo inachukua takribani mwaka. Hakuna dawa ya kuiharakisha.

Jobe alimweleza mgonjwa wake kwamba nafasi ya kurudi ni moja kati ya mia. Mwanzo ulikuwa mbaya: ule mshipa wa fahamu ulidhurika, mkono ukajikunja kama ukucha wa ndege, na Desemba ikabidi afanyiwe upasuaji wa pili. Msimu wote wa 1975 ulipita bila yeye.

Ni katika mwaka huo ambapo nusu ya pili ya habari ilitokea, na ndiyo isiyosimuliwa. Mwenzake kwenye timu, Mike Marshall, mrushaji aliyecheza michezo 106 katika msimu mmoja wa 1974, alikuwa msomi wa elimu ya mwendo wa mwili. Alimsaidia John kubadili namna ya kushika mpira na kuacha kuuzungusha mwili na mguu kabla ya kurusha. Badala yake aende moja kwa moja kuelekea kibao. Mtindo ule hauongezi kasi. Unachofanya ni kuuzuia mkono usibaki nyuma mwili ukishatangulia, na mkono ukibaki nyuma ni kiwiko kinacholipa tofauti.

Mwaka 1976 John alirudi, akashinda 10 na kupoteza 10 katika awamu 207. Mwaka uliofuata alishinda 20, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akiwa na miaka 34. Akahamia New York Yankees akiwa mchezaji huru, akashinda 21 mwaka 1979 na 22 mwaka 1980. Mwaka huo wa 1979 alirusha awamu 276. Ili kuelewa uzito wa namba hiyo: msimu wa 2024, katika timu zote 30 za ligi kuu, waliofikisha awamu 200 walikuwa warushaji wanne.

Yupo wa kumlinganisha naye. Brent Strom alikuwa mrushaji wa pili kufanyiwa upasuaji huohuo, mwaka 1978. Strom hakurudi tena ligi kuu kama mchezaji. Jina lake lilikuja kusikika miaka mingi baadaye akiwa kocha wa warushaji wa Houston Astros. Mtu mmoja si utafiti, na hatuwezi kusema John angeshindwa kwa mpira mwingine. Lakini kano ilikuwa ileile, na aliyemwekea alikuwa daktari huyohuyo.

Nusu karne imepita na upasuaji umekuwa bora sana. Misuli haikatwi tena, inatenganishwa kwa kufuata nyuzi zake. Kuna ufito wa uzi mgumu unaoongezwa kuimarisha ligamenti. Takribani wanane kati ya kumi hurudi kurusha katika ngazi fulani. Ratiba ya kupona inajulikana hatua kwa hatua: wiki ya kwanza kiwiko kimefungwa, kisha kinaachiwa kujinyoosha kidogokidogo mpaka kifike mwisho karibu wiki ya sita, baada ya hapo misuli ya kigasha, bega na mgongo, mwezi wa nne au wa tano ndipo mpira unarushwa, mita 14 tu na bila nguvu, halafu 18, 27, 36, kichuguu kinafikiwa karibu mwezi wa tisa. Mchezo wa kweli ni kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Wanaoharibu ni wanaofuata kalenda badala ya kiwiko. Maumivu ya msuli mpana wa kigasha baada ya mazoezi ni kawaida. Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa wa ndani ni amri ya kurudi hatua mbili nyuma. Mrushaji anayejisikia mzima mwezi wa saba yuko hatarini kuliko anayelalamika, kwa sababu bega limeshapata nguvu na ile kano bado ni kano.

Hata hivyo wagonjwa wanaongezeka. Mwaka 2008 mpira wa kasi kwenye ligi kuu ulikuwa na wastani wa kilomita 147 kwa saa. Mwaka 2024 ulikaribia 152. Katika mwaka huo wa 2024 wachezaji wa ligi kuu na ligi ndogo waliofanyiwa upasuaji huu walizidi 250. Mwaka 2010 walikuwa kama 100. Ongezeko la kilomita tano linaonekana dogo, lakini halikuja kwa kuongeza nguvu kidogo kwenye mpira uleule. Limekuja kwa kurusha kila mpira kwa nguvu yote, kuanzia wa kwanza. Tommy John alikuwa na akiba; aliitumia kukiwa na watu vituoni. Mrushaji wa leo hafundishwi kuweka akiba, anaambiwa amwage kila alichonacho kwa awamu tano kisha kuna mwingine anasubiri. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Jacob deGrom, aliyezoea kurusha karibu kilomita 160 kwa saa, alisaini na Rangers mkataba wa dola milioni 185 kwa miaka mitano, akaanza michezo sita tu mwaka 2023, kiwiko kikachanika kwa mara ya pili baada ya kile cha 2010. Shohei Ohtani naye kafanyiwa mara mbili, 2018 na 2023. Walker Buehler mara mbili. Upasuaji umegeuka kama kubadilisha tairi, na kuna hata wazazi na vijana wanaoamini kwamba kano mpya inaongeza kasi. Haiongezi. Kijana anayerudi na kasi zaidi ameipata kwenye miezi 12 ya mazoezi ya miguu, mgongo na bega ambayo zamani hakuwa na muda nayo, pamoja na umri wa kukua. Angefanya mazoezi hayohayo bila kisu angeipata kwa bei nafuu.

Watakaonipinga wana hoja mbili nzuri.

Ya kwanza inaitwa Justin Verlander. Alifanyiwa upasuaji mwaka 2020 akiwa na miaka 37, akarudi 2022 akirusha kwa kasi kama zamani, akashinda 18, akapoteza 4, akaruhusu wastani wa mikimbio (pointi za wapinzani) 1.75 kwa kila awamu 9, akachukua Cy Young. Ni kweli. Ila Verlander ni mtu aliyekuwa maarufu kwa kuanza mchezo taratibu na kuongeza kasi awamu za mwisho. Kwa miaka mingi alikuwa na akiba ileile niliyoisema. Anathibitisha kwamba mkono wa kasi unaweza kudumu. Hathibitishi kwamba mkono unaomwagwa wote kila siku utadumu.

Ya pili ni ngumu zaidi. Wapigaji walibadilika. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 walifundishwa kupandisha gongo kutoka chini kwenda juu, na gongo la namna hiyo linaukuta mpira wa kuzama barabara kabisa. Timu zikaagiza warushaji waache kuzamisha, warushe juu kwa kasi. Haikuwa ujinga, ilikuwa hesabu. Pale nisipokubaliana nayo ni kwenye kuhesabu mchezo mmoja mmoja bila kuhesabu mkono. Mchezaji mpya hana haki ya kudai mshahara mbele ya msuluhishi hadi afikishe takribani miaka mitatu ya utumishi, na hawi huru kuondoka hadi miaka sita. Katika miaka hiyo ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Kwa mtu wa kawaida ni mali, kwa timu ni chenji. Timu ina kila sababu ya kuukamua mkono ukiwa rahisi na kuuachia mwenzake atakaponunua. Kijana naye anajua kwamba asipogonga kilomita 150 kwenye kipimo cha rada hakuna atakayempigia simu. Kumlaumu yeye ni kumwonea.

Na bado njia ya pili ipo wazi. Logan Webb wa San Francisco Giants alifanyiwa upasuaji wa Tommy John mwaka 2016, akiwa bado ligi ndogo. Leo anaishi kwa mpira wa kuzama ulio chini ya wastani wa kasi wa ligi, anabingirisha mipira ardhini, na mwaka 2023 alirusha awamu 216, mwaka 2024 tena zaidi ya 200: ni mmoja wa wale wanne niliowataja. Jamie Moyer, ambaye kasi yake ilikuwa kichekesho hata kwa wenzake, alifanyiwa upasuaji huu akiwa na miaka 48, na Aprili 2012, akiwa na 49, akawa mrushaji mzee kuliko wote kuwahi kushinda mchezo wa ligi kuu. Hawa wawili ndio wajukuu halisi wa Tommy John. Wengine wamerithi kovu.

Jambo hili linatugusa hata huku. Timu ya watoto ya Lugazi, Uganda, ilicheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika, na mwaka 2022 Dodgers wenyewe walisajili warushaji wawili vijana wa Uganda. Makocha wanaolea watoto wa namna hiyo wanazo kanuni zilizowekwa na ligi kuu ya Marekani pamoja na chama cha besiboli cha nchi hiyo. Mtoto wa miaka 9 au 10 hazidishi marusho 75 kwa siku. Wa 11 na 12 marusho 85. Wa 13 hadi 16 marusho 95. Kwa aliye na miaka 14 kushuka chini, marusho 66 au zaidi yanadai siku 4 za mapumziko, 51 hadi 65 siku 3, 36 hadi 50 siku 2, 21 hadi 35 siku 1. Kila mwaka miezi minne bila kurusha kwenye kichuguu. Kosa linalozivunja kanuni hizi bila mtu kukusudia ni moja: mtoto hodari akimaliza zamu ya kurusha anapelekwa kuwa mdakaji nyuma ya kibao, ambako anamrudishia mrushaji kila mpira. Karatasi inasema amepumzika. Kiwiko kinahesabu vyote. Mhesabu marusho asiwe kocha, maana kocha anayetaka kushinda huhesabu kwa upendeleo.

Kuhusu John mwenyewe, kilichobaki ni ukumbi wa mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, ambako hajaingia. Ameshinda 288, amepoteza 231. Alishika nafasi ya pili kwenye kura za Cy Young mara mbili, 1977 na 1979, na hakuichukua hata mara moja. Fainali alicheza tatu, akapoteza zote: mbili akiwa Dodgers dhidi ya Yankees, ya tatu akiwa Yankees dhidi ya Dodgers. Mwaka 1988, akiwa na miaka 45, alifanya makosa matatu katika tukio moja, akaokota, akaangusha, akarusha vibaya, akarusha vibaya tena, na picha ile inaonyeshwa hadi leo kuliko ushindi wake wowote. Waandishi walimpigia kura miaka 15. Kura zake nyingi kabisa zilikuwa asilimia 31.7, mwaka wa mwisho, 2009, na zinazotakiwa ni 75. Hoja ya wanaomkataa ni kwamba hakuwa mrushaji wa kutisha, hakuwatoa wapigaji wengi kwa straiki. Ni jicho lilelile linalomkagua kijana wa leo kwa rada.

Desemba 2024 jina lake lilirudi mbele ya kamati ya watu 16. Zilitakiwa kura 12, akapata 7. Aliyeingia siku hiyo kwa kura 13 ni Dick Allen, mpigaji ambaye mwaka 1971 Dodgers walimtoa kwa Chicago White Sox ili wampate mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto, Tommy John.